Ukavu wa Pink Moon ndio utamu wake
Mwandishi mmoja anasema Pink Moon, albamu ya mwimbaji na mpiga gitaa Mwingereza Nick Drake iliyotoka 1972, haikuuza kwa sababu ilikuwa kavu mno. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Ukavu huo ndio utamu wenyewe! Ni Drake na fundi wa sauti John Wood tu studio, jijini London, gitaa na sauti basi. Piano inasikika kwenye wimbo mmoja pekee, ule unaobeba jina la albamu. Vaa hedifoni usikilize kidole gumba kinavyotembea kwenye nyuzi nene. Kilichokosekana ni kuitangaza, maana Drake mwenyewe alikuwa mzito wa jukwaa na mahojiano. Tangazo la Volkswagen lilipoutumia wimbo huo, watu ndipo wakaigombania albamu, ilhali mwenyewe alifariki 1974 akiwa na miaka 26. Inaniuma mpaka leo.