Hela ya tabianchi isije kwetu kama kangomba

Anayelipia mabadiliko ya tabianchi huku Kusini kwa sasa ni mkulima mwenyewe, na mara nyingi analipa kwa kangomba. Kwa msomaji asiye wa Mtwara wala Lindi: kangomba ni pale mtu mwenye shida anapouza korosho zake mapema, nje ya chama cha msingi cha ushirika kinachouza korosho za wakulima, kwa bei ya kutupa, wakati mwingine zikiwa bado ziko mtini. Imepigwa marufuku, watu wamekamatwa, korosho zimetaifishwa, na bado ipo, maana shida inayomsukuma mkulima iko palepale.

Mikorosho yetu huchanua kati ya Juni na Septemba, miezi tuliyozoea kuwa mikavu. Inyeshe mvua mbili tatu mwezi wa nane, uone. Maua yanageuka meusi yakiwa bado kwenye kikonyo, na ukikitikisa kidogo tu yanamwagika mkononi yote. Unyevu unaleta ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoua maua. Salfa, dawa yake, uliyopuliza juzi imeoshwa, inabidi upulize tena, na mfuko wa pili hukuupangia. Mashine ya kupulizia nayo ni ya kukodi, mafuta yake ya kununua. Hapo ndipo anapokuja mtu jioni na hela taslimu mfukoni, anakuuliza una shida ya kiasi gani. Minada ikifunguliwa mwezi wa kumi, sehemu ya korosho zako si zako tena. Mwakani unaanza msimu na deni, na mvua haijaahidi kurudi kwenye miezi yake.

Nimeanza na kangomba kwa sababu nikitazama jinsi dunia inavyogharamia mapambano ya tabianchi katika nchi kama yetu, naona kitu kilekile kikifanyika baina ya mataifa.

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zikikusanya dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mwaka 2020 ulifika, hela haikutimia. Kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baadaye, zilipohesabu karibu dola bilioni 116. Sasa fungua hiyo bahasha uone kilichomo. Katika fedha iliyotoka serikalini na kwenye mabenki ya maendeleo mwaka huo, karibu asilimia 70 ilikuwa mikopo. Na katika jumla yote, iliyokwenda kuwasaidia watu kuhimili athari, yaani visima, mbegu, kingo za mito, tahadhari za vimbunga, ilikuwa kama dola bilioni 32 tu. Kubwa ilikwenda kwenye kupunguza hewa ukaa, wakati Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa hiyo duniani.

Yaani aliyeharibiwa maua anapewa hela leo, na atailipa kwa mavuno ya kesho, kwa riba. Mtu wa Newala au Ruangwa hahitaji semina kuelewa jambo hilo.

Novemba 2024 mataifa yakakutana tena, safari hii Baku. Nchi zetu zilitaka dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Zikaondoka na ahadi ya bilioni 300 kwa mwaka, ifikapo 2035, na hiyo trilioni 1.3 ikaandikwa kama lengo la kufanyiwa kazi na kila mtu, pamoja na wawekezaji binafsi. Mwaka 2025 kule Belém, Brazil, ukatoka wito wa kuongeza fedha ya kuhimili angalau mara 3 ifikapo 2035. Mtoto anayezaliwa leo hospitali ya Ligula, hapa Mtwara, atakuwa shule ya msingi mwaka huo. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuwasaidia walioathirika na tabianchi, nao ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ukafunguliwa Dubai mwaka 2023, na ahadi zilizowekwa mezani pale hazikufika dola bilioni moja. Ni kwa dunia nzima hiyo.

Pima kiasi hicho na siku chache tu za Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Asiye wa huku huenda hajui maana yake. Barabara ile ndiyo mlango. Ikikatika, njia iliyobaki ni kuzunguka Iringa, Njombe, Songea, Tunduru hadi Masasi. Magari yalilala barabarani, wagonjwa waliokuwa na rufaa ya Muhimbili walikwama, na bei za dukani zikapanda kabla bidhaa hazijaisha. Miaka minne nyuma yake, Januari 2020, mafuriko yalikuwa yameua watu na kuhamisha vijiji Kilwa na Lindi. Aprili 2019 tulihamishwa majumbani tukisubiri kimbunga Kenneth, kikapinda na kuwaangukia ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Wazee wa Lindi wanasimulia kimbunga cha 1952 kama jambo linalompata mtu mara moja katika maisha yake. Sisi tumepata haya yote ndani ya miaka mitano. Na kila daraja linaposombwa, hela inayolirudisha ni ileile ambayo ingejenga zahanati.

Sasa, nisieleweke vibaya: zipo fedha zinazofika Tanzania. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao Songdo, Korea Kusini, uliidhinisha mwaka 2021 programu ya kilimo kupitia benki ya CRDB, yenye thamani ya dola milioni 200 ukijumlisha mchango wa benki yenyewe. Ni jambo kubwa kwa benki ya nchini kuaminiwa hivyo, na mkulima mwenye shamba lililopimwa na rekodi nzuri atanufaika. Lakini benki ni benki. Inakopesha, na lazima hela irudi.

Nenda Naumbu, pwani ya Mtwara, maji yakikupwa, uwakute akina mama kwenye mashamba ya mwani. Kamba zimefungwa kwenye vigingi, mama ameinama maji yakiwa magotini, anainua kamba moja baada ya nyingine. Mwani mzima ni mgumu, una rangi ya kahawia au kijani, unateleza. Ule uliopigwa na maji ya moto umekuwa mweupe kwenye maungio, ukiushika unakatika na kuondoka na mkondo. Kamba nzima inaweza kubaki tupu namna hiyo. Suluhisho linajulikana: kuhamia maji ya kina kirefu, yenye ubaridi. Huko kunahitaji boti, kamba ndefu, maboya, na kujua kuogelea. Nilipomuuliza mama mmoja kama amefikiria mkopo, alinijibu, "Mwanangu, nikope kwa ajili ya kitu ambacho bahari inakichukua? Nitalipa na nini?" Sina jibu la kumpa, na sidhani benki yoyote inalo. Mama huyu hakuipasha joto bahari. Anachostahili ni ruzuku.

Hapo ndipo nilipo. Fedha ya kuhimili tabianchi ije kama ruzuku, na sehemu yake maalumu, iliyotajwa kwa kiwango, iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ukiwa ndio wenye kauli ya mwisho juu ya matumizi.

Najua kuna watakaoshtuka kusikia kijiji kikabidhiwe hela. Wafike Kilwa kwanza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki misitu yao na kubaki na mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko Kilwa Masoko, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wananchi. Baadaye Nanjirinji ikaingia, na mbao zake zikaleta mapato ambayo kijiji kile hakikuwahi kuyaona. Ukataji unafuata mpango: miti inahesabiwa, inayovunwa inapigwa nyundo ya alama, doria zinalipwa na kijiji chenyewe. Na hela ikiingia, inasomwa mkutanoni. Vijiji hivi vya Kilwa vimejenga madarasa na nyumba za watumishi, vimechimba visima, kwa uamuzi wa watu waliokaa chini ya mwembe wakabishana mpaka wakakubaliana. Msitu umebaki umesimama, na hewa ukaa imebaki ndani yake. Ukiniuliza mradi wa tabianchi unafananaje, nitakwambia unafanana na huo, ingawa wenyewe waliuanzisha kwa ajili ya mbao.

Kuna somo jingine, chungu kidogo, palepale mkoani Lindi. Mwaka 2008 Norway ilikubaliana na Tanzania kutoa krone milioni 500 kwa miaka mitano kwa ajili ya kutunza misitu na kupunguza hewa ukaa. Moja ya miradi ya majaribio ilifanyika Lindi Vijijini na Kilosa. Walifanya jambo la kijasiri ambalo ni wachache wanaothubutu: waliwalipa wanakijiji fedha taslimu, mtu mmoja mmoja, mbele ya mkutano. Watu walijua malipo yanatokana na nini na wakaamua wenyewe ngapi ibaki kwa kazi za kijiji. Ikafanya kazi. Kisha muda wa mradi ukaisha, na malipo yakaisha nao. Msitu hauna mkataba wa miaka mitano. Mtu aliyeacha kufyeka shamba la ufuta kwa sababu ya malipo, akaja kuambiwa mradi umefungwa, ukimrudia na karatasi nyingine atakusikiliza kwa heshima tu. Kwa hiyo ruzuku ninayoiomba iwe ya kudumu, iingie kwenye mfumo wa kila mwaka, isiwe ya mradi wenye sherehe ya uzinduzi na sherehe ya kufunga.

Njia yenyewe si ya kubuni upya. Dodoma, katika wilaya za Chamwino, Kondoa na Mpwapwa, umejaribiwa utaratibu wa kupeleka ruzuku za tabianchi kupitia halmashauri. Monduli, Longido na Ngorongoro walianza mapema zaidi, wananchi wakipanga wenyewe miradi ya maji na malisho. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo inajua kufika kaya kwa kaya. Sioni sababu kwa nini Kilwa, Mtama, Newala na Mtwara Vijijini zisifuate.

Hoja ya kwamba hela italiwa kijijini siikwepi, maana wapo viongozi wa vijiji na wa vyama vya msingi waliokula. Lakini ikiliwa kijijini, aliyekula anajulikana kwa jina, nyumba yake inaonekana, na sheria inautaka mkutano mkuu ukae kila miezi 3 na kusomewa mapato na matumizi. Ikitumika juu, kwenye semina, safari na ripoti, inakuwa na risiti zote, na hakuna hata kamba moja ya mwani iliyohamia kina kirefu. Kati ya hatari hizo mbili nachagua ile ambayo mwananchi anaweza kuisimamia kwa macho yake.

Na nchi tajiri si za kulaumiwa peke yake. Tuna ushuru wetu wenyewe wa korosho zinazouzwa nje. Kwa miaka sehemu yake kubwa ilikuwa inarudi kuendeleza zao, mpaka mwaka 2018 Bunge lilipobadilisha sheria na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga kwa sauti kubwa, na walikuwa na haki. Pembejeo ziliadimika. Serikali ilipokuja kurudi kwenye kugawa salfa na viuatilifu kwa ruzuku, uzalishaji ukapanda, kutoka chini ya tani 200,000 msimu wa 2022/23 hadi zaidi ya 500,000 msimu wa 2024/25. Hali ya hewa ilichangia, ndiyo. Lakini mkulima aliyepata salfa bila kukopa aliweza kupuliza mara ya pili mvua ilipoiosha ya kwanza, na huko ndiko kuhimili tabianchi kwenyewe, hata kama hakuna aliyeandika hivyo. Tuliweza kwa hela yetu. Hatuwezi kuidai dunia itupe ruzuku huku ndani ya nchi tukiishikilia ya mkulima.

Wengine watatuambia tusubiri gesi, mtambo wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, ukijengwa fedha itakuja. Gesi ya Songo Songo inatoka tangu 2004, ya Mnazi Bay tangu 2006. Tumesubiri vya kutosha, na maua hayasubiri.

Tanzania ilianza kuongoza kundi la wajumbe wa Afrika kwenye majadiliano ya tabianchi mwaka 2025, Dk. Richard Muyungi akiwa mwenyekiti wake. Ni nafasi ya kusema kwa niaba ya bara zima kwamba mkopo usihesabiwe kama msaada wa kuhimili, na kwamba kila mfuko utaje ni asilimia ngapi inafika ngazi ya kijiji. Na nyumbani, Bunge la bajeti huanza Aprili. Ningependa mbunge yeyote wa Mtwara au Lindi asimame amuulize Waziri wa Fedha: kati ya fedha zote za tabianchi zilizoingia nchini mwaka huu, ni kiasi gani kimeingia kwenye akaunti za vijiji vya mikoa hii miwili, ngapi ni ruzuku na ngapi ni mkopo? Majibu yaje kwa maandishi, yakiwa na majina ya vijiji.