Siki tunayo, tunachokosa ni mafunzo

Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi hapa Leeds, Uingereza, kwa daktari wa familia, pale pale ninapopeleka watoto wakikohoa. Muuguzi alinionyesha kifaa cha plastiki kabla hajanigusa, akanipa shuka nijifunike, akasema: "Ukisema basi, naacha." Nikamkumbuka shangazi.

Shangazi alianza kutoka damu miaka mitano baada ya kukoma hedhi. Aliona haya, akanyamaza. Siku aliyojikaza kusema, zahanatini kwao, mkoani Tanga, aliambiwa "ni umri huo, mama," akapewa vidonge vya kuongeza damu. Alipofikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, saratani ilikuwa imeshaenea. Yule dada wa zahanati simlaumu sana. Nani alimfundisha kwamba damu baada ya ukomo wa hedhi si ya kungojewa?

Wenzangu wa huku husema kwetu tunakosa mashine. Hapana. Kwetu muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, panapogeuka peupe panatiliwa shaka, na penye kifaa cha kuunguza unaweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Mimi hapa nasubiri barua. Wasichana wetu nao wanachanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, tangu 2018, alhamdulillahi. Lakini mama zao je?

Huku muuguzi haachiwi kuchukua sampuli peke yake mpaka afanye kadhaa mbele ya msimamizi, na kila miaka 3 ananolewa upya. Daktari wa familia anayetaka kuweka kijiti au kitanzi naye hufundishwa kwa vitendo. Kwetu, mara nyingi ni semina hotelini, posho, cheti, basi. Rafiki yangu muuguzi alifundishwa kuweka vitanzi, miezi michache baadaye akahamishiwa wodi ya watoto. Chumba cha uzazi wa mpango alichokiacha kikafungwa kwa kufuli.

Mimi ningetaka mkufunzi ndiye apande bodaboda aende zahanati, akae na wauguzi wawili au watatu, wapime akina mama mbele yake mpaka mikono izoee. Tena wafundishwe kuuliza, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa: "Mama, kuna damu yoyote unaiona?" Hilo halihitaji hata siki.

Mwaka ule mzima wa kunyamaza, shangazi alikuwa akienda zahanati ile kila mwezi kupima presha.