Ukoo wa Montlhéry: walifuata ardhi au toba?

Kwa nini makabaila wa Ufaransa waliingia Vita vya Msalaba, vita vya Wakristo vya kuiteka Yerusalemu, mwaka 1096? Wapo wanaosema njaa ya ardhi, wapo wanaosema toba. Ukoo wa Montlhéry, wenye ngome kusini mwa Paris, huitwa shahidi na pande zote mbili.

Wa ardhi wana hoja nzito. Baudouin de Bourcq, mmoja wa ukoo huo, alipata Edessa, jimbo la Mashariki lililotekwa vitani, mwaka 1100, akamgawia Josselin de Courtenay eneo la Turbessel. Kiti cha Yerusalemu kilipobaki wazi mwaka 1118, wapo waliomtaka Eustache, kaka wa marehemu mfalme, aliyekuwa bado Ulaya. Josselin akampigia debe Baudouin, Baudouin akawa mfalme, na punde Josselin akapewa Edessa. Hugues du Puiset naye akapata Jaffa, mji wa bandari.

Bourcq, Courtenay, Puiset: ukichora mti wa ukoo kuumeni tu, undugu wao huuoni. Na wengi hukosea hapohapo. Fuata kukeni: mama wa Baudouin, mama wa Josselin na bibi wa Hugues walikuwa watoto wa Guy de Montlhéry na mkewe Hodierna. Kwetu, Baudouin na Josselin wangeitana ndugu, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Wenyewe walijua: Baudouin aliwaita binti zake wawili Mélisende, jina la mama yake, na Hodierne, jina la bibi yake.

Ila hayo ni matunda ya baadaye. Mwaka 1096 hakuna aliyeahidiwa Edessa. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa safari ilimgharimu askari wa farasi mapato ya miaka minne au zaidi. Fedha zilitoka kwenye rehani: monasteri inatoa fedha, inashika shamba, inakula mavuno hadi irudishiwe mkopo wote, na mara nyingi mavuno hayo hayakupunguza deni. Mtawala wa Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, aliweka rehani nchi yake nzima kwa marki 10,000 za fedha. Mwenye uchu wa mali angebaki nyumbani akanunua mashamba ya wanaoondoka.

Tazama na waliopata hasara. Guy Trousseau, mjukuu wa yule Guy de Montlhéry, alitoroka mji wa Antiokia uliozingirwa mwaka 1098 kwa kushuka ukutani kwa kamba, akarudi na fedheha. Kisha ngome ya Montlhéry ikaingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa kwa njia ya ndoa ya binti wa Guy huyo. Milon, baba wa Guy Trousseau, naye alikwenda na hakurudi.

Hoja ya toba nayo isimezwe nzima. Hati za rehani ziliandikwa na watawa, na maneno yao ya dhambi na msamaha hujirudia hati hadi hati. Gharama ndiyo ushahidi wangu, si maneno hayo. Kwa maoni yangu, uchu wa ardhi unaeleza vizuri mwaka 1118, na haufai kitu kwa mwaka 1096.

Na undugu huo ulikuwa na kikomo. Hugues alipoasi mwaka 1134 dhidi ya Mfalme Foulques, mume wa Mélisende binti wa Baudouin, alihukumiwa uhamisho wa miaka mitatu, akafia Italia.