Anakuja, Yanakuja

Nimezaliwa na kulelewa Mtera, kandokando ya lile bwawa linalozuia Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, na kwa sababu hiyo niliamini kwamba hakuna binadamu wa kunifundisha jambo lolote kuhusu bwawa wala kuhusu samaki wake. Imani hiyo niliibeba hadi Marekani, nikaishi nayo salama miaka mitatu katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri, mpaka Jumamosi moja ya mwezi Agosti ilipolowa maji pamoja nami.

Aliyenipeleka kuvua siku hiyo ni mzee mmoja wa Nyeri, muuguzi mstaafu, ambaye sisi watu wa Afrika Mashariki mjini pale tunamwita Mzee tu, bila jina, kana kwamba wazee wengine wote bado wako kwenye majaribio. Mzee alikulia karibu na mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare, ambako Waingereza walipandikiza trauti, samaki wa maji baridi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwake yeye samaki yeyote asiye trauti ni kitoweo tu. Kwangu mimi, kitoweo ndiyo sababu ya samaki kuumbwa. Tulibishana juu ya jambo hilo kwa takriban kilomita 70, kutoka Springfield hadi Branson, naye akiendesha gari kwa mwendo wa maziko.

Njiani alinieleza tunakokwenda. Ziwa Taneycomo, ambalo jina lake limeunganishwa kutokana na vifupisho vya Taney County, Missouri, ni ziwa kwa jina tu. Kwa hakika ni Mto White uliobanwa kati ya kuta mbili, ule wa chini uliojengwa mwaka 1913 na ule wa juu, Table Rock, uliokamilika mwaka 1958. Kabla ya ukuta wa juu kujengwa, maji yake yalikuwa ya vuguvugu na samaki wake walikuwa wa vuguvugu. Baada ya hapo, yanayoingia Taneycomo ni maji yanayofyonzwa kutoka kwenye kina cha lile bwawa kubwa, mahali ambapo jua halijawahi kufika, na hata mwezi wa Agosti, wakati lami ya Missouri inapolainika kama jamu, maji hayo hutoka yakiwa na nyuzi joto 9 au 10 hivi. Samaki wa zamani hawakuiweza baridi hiyo, ndipo serikali ya jimbo ikaleta trauti na kujenga kituo cha kuzalisha vifaranga chini kabisa ya ukuta.

"Kwa hiyo ziwa lenyewe ni friji," nilisema.

"Ni friji yenye mlango," alijibu Mzee, "na ufunguo wanao watu wa umeme."

Nilicheka, nikidhani ni methali ya Kikuyu.

Tulifika kabla ya jua kuchomoza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama shuka, kwa sababu hewa ilikuwa ya moto na maji yalikuwa ya barafu, na kupitia mianya yake niliona mto mpana, mtulivu, unaofika magotini, wenye changarawe ambazo ungeweza kuzihesabu moja moja. Mitambo ya kufua umeme ilikuwa imezimwa. Mzee alieleza kwamba ikiwa imezimwa mtu huingia majini kwa miguu, na ikiwa imewashwa mtu huvua kutoka kwenye mashua au ufukweni. Wakati huo mimi nilikuwa nahangaika na ovaroli ya mpira inayofika kifuani, vazi ambalo mtu akishalivaa hufanana na kiboko aliyeajiriwa.

"Kaza mkanda," alisema Mzee. "Ukianguka, mkanda ndio unaozuia maji yasishuke miguuni."

Niliukaza. Aliponipa kisogo niliulegeza, kwa kuwa nilikuwa nimekula chapati nne na mkanda ulikuwa unazipinga.

Ubishi wa pili ulihusu chambo. Nyumbani perege huvuliwa kwa ugali, na mimi nilikuwa nimekanda ugali wa sembe na unga wa dagaa, nikaufinyanga donge lenye ukubwa wa chungwa na kulifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mzee alilinusa, akafumba macho kwa sekunde kadhaa, kisha akaniambia kwamba kutoka ukutani hadi mdomo wa kijito cha Fall Creek, umbali wa kama kilomita 5, sheria inaruhusu chambo cha bandia pekee, tena kisicho na harufu. Ugali ungeruhusiwa huko chini ya kijito. Aliniamuru niurudishe garini. Niliurudisha, ila nilimega kipande cha ukubwa wa yai na kukitia mfuko wa shati, si kwa nia mbaya, bali kwa nia ambayo sikuwa nimeiamua bado.

Badala ya ugali nilipewa kisubi, yaani chambo cha bandia kinachomwigiza mdudu mdogo wa jina hilo. Sikukiona hadi Mzee alipokiweka juu ya ukucha wake wa kidole gumba: ndoana ndogo kuliko punje ya mchele, iliyozungushiwa uzi mweusi, juu ya uzi huo wakapitisha waya mwembamba wa fedha kama mistari ya punda milia, na kichwani wakachomeka ushanga ambao nadhani ulitobolewa na sisimizi. Mshipi wa kukifungia ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Niliuliza kama samaki wenyewe wanaonekana kwa macho. Mzee alinyoosha kidole bila kujibu, na hapo, katika maji yaliyotoka kwenye kituo cha vifaranga, niliona migongo isiyopungua thelathini, imepangana ikielekea juu ya mto kama waumini.

Kazi yenyewe haikufanana na uvuvi wowote niliowahi kuufanya. Unatupa kisubi juu ya mto, unakiacha kishuke kwa mwendo uleule wa maji huku boya dogo likikiongoza, wala huruhusiwi kulivuta, kwa sababu trauti anajua kwamba kisubi halisi hakiendi mbio. Boya likitikisa kichwa kidogo, unainua ufito taratibu. Mimi nilifundishwa kuvuta perege kwa nguvu ya mtu anayeng'oa muhogo. Mara tatu boya lilitikisa kichwa, mara tatu niling'oa muhogo, na mara tatu mshipi ulibaki mkononi mwangu ukipepea bila kitu.

"Unamvua samaki au unamkamata mwizi?" aliuliza Mzee.

Yeye alikuwa ameshashika na kuachia wanne. Chupa yake ya chai alikuwa ameiweka juu ya jiwe bapa lililokuwa kati yetu, lililojitokeza juu ya maji kwa kiasi cha shubiri moja, na kila baada ya samaki alijimiminia kikombe, akinywa huku akiniangalia kama mtu anayetazama sinema. Mwishowe alijitoa ufukweni kukaa kidogo, kwa maana magoti yake hayapendi baridi, akaniacha peke yangu katikati ya mto. Jua lilikuwa limeshapanda na joto lilikuwa limeanza kuwa kali.

Mara ya nne boya halikutikisa kichwa. Lilizama.

Niliinua ufito taratibu, kama bwana harusi anayeinua shela, na upande wa pili wa ule uzi wa buibui kitu kizito kikageuka. Kiliruka. Nilimwona mzima, na ule mstari wa waridi ubavuni mwake, akaanguka ubavu-ubavu na kuondoka na mshipi wangu kuelekea Branson. Wakati huohuo, kutoka upande wa ukuta, nikasikia honi ndefu. Barabara kuu inapita juu kabisa ya ukuta ule, basi nikahukumu kwamba ni dereva wa lori anayenipongeza. Nikampungia mkono.

"Yanakuja!" alipiga kelele Mzee kutoka ufukweni.

Hapa naomba msomaji anihurumie. Mtu mwenye samaki kwenye ndoana hasikii silabi ya kwanza ya neno lolote. Mimi nilisikia "Anakuja!", na nilikubaliana naye kabisa.

"Anakuja kweli, Mzee!" nilijibu.

"Yanakuja, wewe! Yanakuja!"

"Naona! Ni mkubwa!"

"MAJI!"

"Ndiyo, yumo majini!"

Nilipogeuka kumwonyesha jinsi ufito ulivyopinda, niliona jiwe la chai. Ile shubiri ilikuwa imebaki upana wa vidole viwili. Nilitazama samaki, nikatazama tena jiwe, na chupa ya chai ilikuwa imeanza kujizungusha taratibu kama mtu anayeaga. Kisha ikaondoka. Ilinipita kwa heshima, imesimama wima, kifuniko kikiwa juu.

Kwetu Mtera maji huongezeka kwa miezi. Mvua zinanyesha huko juu, mto unajaa, na mwenye shamba la pembeni ana muda wa kuvuna, kuhama na hata kugombana na jirani kuhusu mpaka kabla bwawa halijamfikia. Kilichonipata siku ile ni kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimekaa juu ya ukuta, na sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama chini yake. Kule chini maji hayasubiri mvua. Asubuhi watu wamelala, mitambo imelala. Jua likipanda na watu wa miji ya mbali wakaanza kuwasha viyoyozi, mitambo huamshwa, na mto wa kufika magotini unakuwa mto wa kufika kiunoni mtu akiwa bado anajadiliana na samaki. Utotoni umeme ukirudi tulikuwa tunatoka nje mbio na kupiga kelele za furaha. Siku hiyo umeme ulirudi, na aliyepiga kelele alikuwa mimi.

Changarawe zilianza kutembea chini ya nyayo zangu. Nilipiga hatua tatu kuelekea ufukweni, ya nne ikakosa pa kukanyaga, nikakaa chini kama mtu aliyevutiwa kiti. Hapo ndipo mkanda uliolegezwa kwa ajili ya chapati ulipotoa ushahidi. Maji ya nyuzi joto 9 yaliingia kifuani, yakapita tumboni bila kubisha hodi na kuendelea hadi kwenye soksi, na kila yalipopita nilitamka jina la ndugu wa mahali hapo. Nilichukuliwa kama gunia la mchele lililofunguka mdomo, ufito nimeuinua juu kwa mkono wa kulia, nikisoma dua zote nilizofundishwa na nyingine ambazo sikujua kama ninazijua.

Mzee alikimbia ufukweni sambamba nami, magoti yake yakiwa yamepona ghafla.

"Simama!" alisema.

"Nakufa, Mzee!"

"Simama tu, bwana! Uko ukingoni!"

Nilisimama. Maji yalinifika chini kidogo ya magoti. Yaliyokuwa ndani ya ovaroli, hata hivyo, yalinifika kifuani, hivyo nilitoka mtoni nikiwa nimebeba mto mwingine wangu binafsi. Ufito ulikuwa bado mkononi, na samaki, ambaye nadhani alichoka kwa kunionea aibu, alikuwa bado yumo.

Ofisa wa wanyamapori wa jimbo alikuwa amesimama hapo kwa muda ambao sikutaka kuuliza. Alinipa pole, akahakikisha kwamba sijaumia, kisha akaomba kuona vibali viwili, kile cha kuvua na kile cha nyongeza cha trauti, ambavyo nilivitoa vikiwa vimeshikana kama chapati mbili. Mzee alinishika bega, nikainama, na ovaroli ikaanza kumwaga. Yalitoka maji. Yakafuata maji mazito. Mwishowe ukatoka uji, wa rangi ya kijivu, wenye macho madogo ya dagaa yakitutazama, na harufu yake ikapanda na kusimama kati yetu watu watatu.

Ofisa aliuliza hicho ni nini. Mzee alitazama milima.

Nilisema ni chakula changu cha mchana, na kwa kuwa uso wake ulionyesha mashaka, niliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, nikatoa tonge lililobaki na kulila mbele yake, likiwa na mchanga, likiwa na ladha ya soksi. Nililitafuna kwa utaratibu na kulisifu. Yule ofisa alifunga daftari lake na kusema kwamba hana swali jingine.

Baada ya hapo alimpima samaki. Trauti wa upinde wa mvua, inchi 16. Mzee alinieleza kwa sauti ya upole ya muuguzi anayetoa majibu ya vipimo: katika sehemu ile ya juu ya ziwa, trauti wa aina hiyo mwenye urefu kati ya inchi 12 na inchi 20 lazima arudishwe majini.

"Lowanisha mikono kwanza kabla ya kumshika," aliongeza, "usije ukamtoa utando wake."

Nilimtazama Mzee kwa muda mrefu. Kisha nikamshika samaki, nikamwelekeza kichwa juu ya mto, naye akapumua mara mbili tatu kati ya vidole vyangu na kuondoka bila kugeuka.

Nilirudi Springfield nikiwa nimefungwa taulo, nimekalia mfuko wa nailoni, na lile donge la ugali lililobaki garini likiwa limeiva upya kwa jua. Mzee hakusema neno njia nzima, ila kila tulipofika kwenye taa nyekundu mabega yake yalitikisika. Mke wangu alinifungulia mlango, akanusa, akarudi nyuma, na bila kuuliza chochote akaenda kuwasha kiyoyozi.

Nilimsihi akizime, kwa sababu kule Taneycomo kulikuwa na watu bado wamesimama majini.