Mgongo kivyake, akili kivyake: Marekani inavyopima madai ya ulemavu

Sheria ya Marekani inasema kwamba mtu anapoomba mafao ya ulemavu, maradhi yake yote yapimwe kwa pamoja, hata kama hakuna hata moja linalotosha peke yake. Bunge lilipitisha sharti hilo mwaka 1984, baada ya serikali ya Rais Reagan kuwakatia mafao watu wengi mno, wakiwemo wagonjwa wengi wa akili. Naamini sharti hilo hadi leo linatimizwa zaidi kwenye karatasi.

Faili likifika ofisi ya jimbo, daktari anasoma habari za mwili: mwombaji anainua pauni ngapi, anasimama na kukaa saa ngapi. Mwanasaikolojia anasoma habari za akili na kupima mambo manne: kuelewa na kukumbuka, kuhusiana na watu, kumakinika na kwenda na kasi ya kazi, na kujimudu. Kila jambo lina ngazi tano, kuanzia hakuna tatizo hadi tatizo lililokithiri. Kwa kawaida wote wawili hawamwoni mwombaji. Wanaona karatasi zake tu.

Tuseme ni mama wa miaka 48, aliyekimbia vita Kivu na kuajiriwa kwenye kiwanda cha nyama hadi mgongo ukamshinda. Analazimika kuinuka na kujinyoosha kila mara, na katika zamu ya saa 8 zinapotea dakika 40. Usiku halali kwa yale aliyoyashuhudia, mchana mawazo yanamchukua, zinapotea dakika 40 nyingine. Daktari anaandika kwamba anaweza kazi nyepesi. Mwanasaikolojia anaandika kwamba anaweza kazi rahisi ya kujirudiarudia. Kila mmoja yuko sahihi kwa upande wake. Lakini dakika 80 ni karibu asilimia 17 ya zamu, na wataalamu wa ajira wanaotoa ushahidi mbele ya majaji wanaosikiliza rufaa za madai haya husema mara nyingi kwamba mfanyakazi anayepoteza asilimia 15 ya muda wake hakuna mwajiri atakayemvumilia. Tena hesabu yenyewe inapunguza ukweli, kwa sababu maumivu yanafukuza usingizi, na kukosa usingizi kunaongeza maumivu.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Sonona haionekani kwenye eksirei. Bila vipimo vilivyopangwa, mgonjwa wa Maine na wa Texas wangetegemea huruma ya jaji waliyempata. Udanganyifu nao upo: huko Kentucky, wakili Eric Conn alikiri makosa mwaka 2017 katika kashfa ya mafao haya iliyohusisha jaji aliyehongwa na mwanasaikolojia aliyetia saini fomu za tathmini ya akili zilizokuwa zimeshajazwa. Walioumia zaidi ni wateja wake zaidi ya elfu moja, wengi wagonjwa kweli, ambao kesi zao zilifunguliwa upya.

Hoja hizo nazikubali. Ila zinahalalisha kuwa na vipimo, hazihalalishi kuvitenganisha. Mtu mmoja angeweza kupewa jukumu la kuandika, mwisho wa tathmini zote mbili, jumla ya dakika zitakazopotea kwa siku na siku zitakazokosekana kwa mwezi, akitaja ushahidi alioutumia. Ni kweli hilo litachukua muda, na foleni tayari ni ndefu. Lakini sasa jumla hiyo mara nyingi hufanyika mbele ya jaji, baada ya mwombaji kukataliwa na kukata rufaa.

Kwa Waswahili walioko huko kuna jambo la ziada. Tangu Aprili 2020, kutojua Kiingereza hakuhesabiwi tena kama kikwazo cha elimu katika madai haya. Serikali ilisema kazi nyingi za chini hazihitaji Kiingereza, na kwa kiwanda cha nyama siwezi kubisha. Tatizo liko kwenye matibabu. Mgongo utapigwa picha bila maneno mengi, lakini akili hutibiwa kwa mazungumzo. Asiyepata mshauri wanayeelewana huacha kwenda kliniki, faili lake linabaki jembamba, na msomaji wa faili anahitimisha kwamba ugonjwa ni mdogo.

Fomu ya shughuli za kila siku nayo ina mtego wake. Mama anaulizwa kama anapika. Kwa heshima yake anajibu ndiyo, na jibu hilo linahesabiwa dhidi yake. Hasemi kwamba anapika akiwa amekaa, mara moja kwa wiki, na kwamba chungu kimeungua mara kadhaa kwa kusahauliwa. Mara nyingi anayejaza ni mwanawe wa shule, na yako mambo ya vitani ambayo mama hatayatamka mbele ya mtoto. Idara ya Hifadhi ya Jamii, inayosimamia mafao haya, inapaswa kumpatia mkalimani bila malipo. Amwombe tangu simu ya kwanza, na mtoto atoke chumbani.