Tamthiliya za Lugha Nyingi: Nani Anachagua, Nani Anaelewa?

Aprili 2012, katika ukumbi wa Shakespeare's Globe jijini London, waigizaji wa Afrika Mashariki walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kikundi kilikuwa Bitter Pill kikishirikiana na The Theatre Company ya Nairobi, tafsiri ilikuwa ya Joshua Ogutu, na Falstaff, lile zee nene linalotamani wake za watu pamoja na pesa za waume zao, alichezwa na Mrisho Mpoto kutoka Tanzania. Ilikuwa sehemu ya tamasha la tamthiliya 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Waandaaji waliweka sharti moja ambalo bado linawagawa watu wa jukwaa: hakuna tafsiri ya kila sentensi kwenye skrini. Asiyejua lugha alipewa muhtasari mfupi wa Kiingereza kwa kila onyesho, mengine ajitafutie.

Wanaotetea sharti hilo wana hoja nzito. Skrini ya tafsiri humnyang'anya mwigizaji macho ya watazamaji. Mzaha husomwa kabla haujatamkwa, kicheko hufika mapema, na aliyeutoa hubaki akikisubiri kiishe ili aendelee. Ikiondolewa skrini, anayecheka wa kwanza ni Mswahili aliyesimama pale chini mbele ya jukwaa, na Mwingereza mwenye nyumba anamfuata kwa kubahatisha. Kwa mtu aliyezoea kuulizwa "umesemaje?" kila anapofungua kinywa katika mji ule, saa mbili za namna hiyo zina thamani yake.

Lakini tuitazame tamthiliya yenyewe. Ni kichekesho cha maneno, tena sehemu kubwa ya vichekesho vyake inawalenga wageni wanaokivunjavunja Kiingereza: Dakta Caius, Mfaransa, na kasisi Hugh Evans wa Wales. Kumhamishia Caius katika Kiswahili ni kuamua atazungumza Kiswahili cha nani. Cha mtu wa bara? Cha Mkongo? Cha mzungu wa misheni? Hapo ndipo ubunifu wa mfasiri unapoonekana, na mtazamaji asiye na Kiswahili hapati hata chembe yake. Kinachomfikia ni mwili: kikapu cha nguo chafu, kukimbizana, kuchapwa. Halafu anatoka akisifu "nguvu" na "uchangamfu" wa waigizaji. Waafrika wamesifiwa hivyo majukwaani Ulaya kwa miaka mingi, na mara nyingi sifa hiyo huja pale ambapo maneno hayakusikilizwa. Sharti lililokusudiwa kuipa lugha heshima linaweza, bila mtu kutaka, kuifanya kuwa sauti tu.

Njia nyingine ni kuchanganya. Tamasha hilohilo lilifunguliwa na Isango Ensemble wa Afrika Kusini, waliolicheza shairi la Venus and Adonis kwa lugha sita za nchi yao, Kizulu na Kixhosa zikiwa miongoni mwake. Uzuri wake ni kwamba karibu kila mtazamaji ana mahali pa kushika na mahali pa kupotea. Hatari yake naiona mara kwa mara katika kazi za lugha mbili zinazotengenezwa kwa ubia na wageni: Kiingereza hubeba kisa, hoja na uamuzi wa wahusika, Kiswahili hubakiziwa salamu, kilio cha mama na wimbo wa mwisho. Kipimo changu ni rahisi. Ondoa kila mstari wa lugha ya pili. Kama kisa bado kinaeleweka chote, lugha hiyo ililetwa kama pambo, hata kama tangazo linaitaja kwa herufi kubwa.

Viziwi wanaujua mjadala huu kuliko sisi. Mkalimani anayesimama pembeni humfanya mtazamaji kiziwi achague: amwangalie yeye au aangalie tamthiliya. Deafinitely Theatre ya Uingereza, katika tamasha hilohilo, walicheza Love's Labour's Lost kwa lugha ya alama ya Uingereza, wakawaachia wenye kusikia kazi ya kukisia. Deaf West, kikundi cha viziwi cha Los Angeles, walipopeleka tamthiliya ya muziki Spring Awakening Broadway, New York, mwaka 2015 walikwenda njia tofauti: kiziwi anaigiza kwa alama, mwenzake anayesikia anampa sauti, wote wawili mbele ya macho ya watu. Hakuna anayewekwa pembeni, ila inagharimu, maana mhusika mmoja anahitaji watu wawili na mazoezi marefu. Kenya, ambayo Katiba yake ya 2010 inataja lugha ya alama kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, ina sababu ya kuingia gharama hiyo.

Jambo linalonikera zaidi, hata hivyo, linatangulia skrini na wakalimani. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na Shakespeare wake tayari. Mwaka 2012 ya kwanza ilichezwa kwa Kiitaliano, ya pili kwa Kiebrania, na sisi tukapata wake wa Windsor. Huenda zilikuwapo sababu nzuri, kwa kuwa tamthiliya 37 haziwezi kugawanywa kwa kumridhisha kila mtu. Lakini ratiba hiyo ilipangwa London.

Linganisha na Maitu Njugira, tamthiliya ya Ngugi wa Thiong'o, iliyofanyiwa mazoezi mwaka 1982 na watu wa kijiji cha Kamiriithu, Kenya, na nyimbo zake zilitoka katika lugha za jamii mbalimbali za Kenya. Waliopanga lugha ipi iingie wapi walikuwa watu wa hapohapo. Maelfu walijazana kutazama mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, baada ya kikundi kufungiwa mlango wa Kenya National Theatre. Serikali ilizima kazi ile, ukumbi wa Kamiriithu ukabomolewa, na pengo hilo ndilo linalojazwa leo na mialiko na fedha za nje.

Sisemi mialiko ikataliwe. Mpoto kucheza Falstaff ni jambo ambalo ningependa litokee tena. Ila kikundi kinachoalikwa kinaweza kudai mambo mawili kabla ya kutia saini: kuchagua tamthiliya chenyewe, na fungu la kuirudisha ichezwe Tanga, Kisumu na Mombasa, kwa watu watakaomsikia Caius akikosea Kiswahili na kujua hasa amekosea nini.