Baiskeli kwenye Barabara ya Thika: nani aliruhusu, nani alikataza?

"Wewe, nani amekuruhusu kupita huku na hiyo baiskeli?"

Askari wa trafiki aliniuliza hivyo asubuhi moja karibu na Roysambu, nikitoka Kahawa kwenda mjini Nairobi kwa Barabara ya Thika. Hakuwa mkali. Aliuliza kwa mshangao, kama aliyemkuta mtu akitembea juu ya reli. Nikamjibu, "Afande, sijaona palipokatazwa," naye akanipungia mkono niende. Swali lake halijanitoka, kwa sababu ndani yake mna imani ambayo wengi wetu tunayo bila kuichunguza: kwamba barabara kubwa ni ya wenye injini, na asiye na injini hupita kwa hisani yao.

Sheria ilianzia kwingine kabisa. Nchini Uingereza, tulikorithi sehemu kubwa ya sheria zetu, Bunge lilitamka mwaka 1888 kwamba baiskeli ihesabiwe miongoni mwa magari yanayotumia barabara za umma, sawa na magari ya farasi ya wakati ule. Motokaa ilikuwa bado haijaonekana kwenye barabara hizo. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu trafiki, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unaenda njia hiyo hiyo: neno "dereva" humo linamjumuisha anayeendesha baiskeli. Kwa hiyo swali la askari yule lilipaswa kugeuzwa. Mwendesha baiskeli hahitaji kuruhusiwa. Anayetaka kumwondoa ndiye anayepaswa kuonyesha katazo.

Katazo lipo, na mahali pengine ni halali kabisa. Mkataba huo huo unazuia baiskeli kwenye barabara za mwendo kasi zilizojengwa kwa ajili ya magari peke yake. Mfano wetu ni Nairobi Expressway, ile ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda na tuktuk hawaruhusiwi kupanda kule juu. Sina ugomvi na hilo. Hakuna nyumba wala duka linalofungua mlango kwenye barabara ile, hakuna steji, na chini yake barabara ya zamani bado ipo.

Barabara ya Thika ni kitu kingine, ingawa tangu ilipozinduliwa mwaka 2012 tumeizoea kwa jina la "superhighway". Jina hilo limetupumbaza. Ni kweli ina njia nyingi na magari hukimbia, lakini ina steji za matatu, masoko, vyuo, na mitaa iliyojaa watu pande zote mbili. Kwa maelfu ya wakazi wa Githurai, Kasarani na Kahawa, ndiyo njia yao ya kwenda kazini. Huwezi kumwambia mtu azunguke; atazungukia wapi?

Hata hivyo, wanaotaka baiskeli ziondoke kwenye lami wana hoja nzito, na sisi waendesha baiskeli hatuzipi uzito unaostahili. Gari linaloongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa halibebi nguvu ya mgongano mara mbili, bali mara nne. Mwili wa binadamu hauna chuma cha kuupunguzia pigo hilo. Dereva wa trela hukaa juu, na upande wake wa kushoto, karibu kabisa na magurudumu, kuna sehemu ambayo vioo vyake havifiki. Ndipo hasa baiskeli hupenda kujipenyeza foleni inaposimama. Dereva wa matatu naye ana abiria kumi na wanne nyuma yake. Akikwepa ghafla ili asinigonge, anawaweka wote hatarini. Dereva anayesema "mimi nakuogopea wewe" mara nyingi anasema kweli.

Kisha kuna tabia zetu. Mkataba wa Vienna unataka baiskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele, rifleta nyekundu nyuma, na taa mbele na nyuma gizani. Simama Githurai saa moja jioni uhesabu baiskeli zenye taa. Hesabu pia zinazokuja kinyume na magari, kwa ile dhana kwamba ni salama zaidi kumwona anayekuja. Tunapodai haki ya dereva, tubebe na taa ya dereva. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimeshawahi kusimama kando ya barabara ile pamoja na watu waliokuwa wakimfunika mwenzetu kwa leso.

Ugumu unaanza pale wanaposema: "Lakini mmejengewa njia yenu pembeni." Ni kweli. Barabara ya Thika ilijengwa na njia za waenda kwa miguu na baiskeli, jambo ambalo barabara nyingi za zamani hazina. Mkataba unaziruhusu nchi kumtaka mwendesha baiskeli aitumie njia kama hiyo na kuiacha lami. Ujerumani wana namna ya kulimaliza: njia ya baiskeli huwa ya lazima pale tu iliposimikwa alama ya duara la buluu yenye picha ya baiskeli, na serikali haiwezi kuisimika popote inapojisikia; lazima pawe na hatari inayoihalalisha.

Sisi tuna njia tu. Sehemu nyingine ni nzuri, nami huitumia kwa shukrani. Sehemu nyingine ina meza za nyanya na mitumba, bodaboda zilizoegeshwa wakingoja abiria, mfuniko wa mtaro uliotoweka, kisha ghafla, kwenye makutano, njia inakwisha. Aliyepakia kreti za mkate kwenye keria hawezi kuibeba baiskeli mgongoni avuke mtaro. Anaingia kwenye lami bila kupanga, mahali pabaya kuliko pote, magari yakiwa yanakata kushoto. Kwa maoni yangu, njia inayokutelekeza kwenye makutano ni hatari kuliko kukosa njia, kwa sababu dereva hakuwa akikutarajia.

Wachuuzi wale siwalaumu. Nao wamefuata watu mahali watu wanapopita. Ila nafasi ya kila mtu haijitengi yenyewe. Kuna mamlaka zinazolipwa kuitenga. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ambayo ndani yake iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Pima ahadi hiyo kwa macho yako mwenyewe utakapopita Pangani.

Ndiyo maana nasimama hapa: katazo liende sambamba na njia inayopitika, mita kwa mita. Palipo na njia nzima, iliyo wazi, inayovuka makutano, niambiwe niitumie na nipigwe faini nikikaidi. Pasipokuwapo, lami ni yangu kama ilivyo ya mwenye lori. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 24, inataka kila kizuizi cha haki kiwekwe kwa sheria, na ipimwe kama lengo lingefikiwa kwa njia isiyobana sana. Wakili anaweza kubisha kama haki ya kutembea nchini inafika hadi kwenye chombo unachopanda. Lakini kipimo chenyewe ni cha haki: kabla ya kumfukuza mwenye baiskeli, je, mmejaribu kupunguza mwendo wa magari? Mmeziba mtaro?

Pia tumwangalie atakayeumia. Anayeendesha kwa mazoezi Jumapili ataipakia baiskeli kwenye gari aende Tigoni. Mlinzi anayetoka zamu ya usiku atarudi kupanga nauli kwenye mshahara ambao haukuihesabu.

Kwa sasa mimi hutumia njia ya pembeni kutoka Kahawa mpaka pale inapoziba. Hapo husimama, huangalia nyuma, hunyoosha mkono wa kulia, na kuingia kwenye lami ya barabara ya pembeni, ile ya magari iliyo kando ya barabara kuu, nikikaa mbali kidogo na ukingo, ili dereva aliye nyuma anione mzima na aamue kunipita kwa nafasi au kungoja. Wengi hungoja.